Kubadili pikapu kwa SUV: mwongozo kamili kabla hujakubali kuongeza pesa

Ukimiliki pikapu mjini, umemiliki pia misiba, harusi na kuhama nyumba kwa ukoo mzima. Jumamosi simu inaita: kuna viti vya kuchukua Tegeta, kuna shemeji kanunua friji, kuna jirani anaomba "kimzigo kidogo tu" ambacho kikifika ni kabati la milango mitatu. Wengi wanaoanza kutamani SUV huanzia kwenye uchovu huo, au kwa mtoto wa tatu aliyeanza kulalamika kwamba siti ya nyuma imesimama kama ubao. Ni sababu halali zote mbili. Ila hazitoshi kukufanya uende yadi na kadi ya gari mfukoni.

Hapa namzungumzia mtu aliye Tanzania, mwenye dabo kabini kama Hilux, D-Max, L200, Ranger au Navara, anayefikiria kulitoa na kuongeza pesa apate Prado, Fortuner, RAV4, X-Trail au Harrier. Msimamo wangu niuseme mapema: jibu liko kwenye bodi ya pikapu yako. Gari unalolitamani libaki kando kwanza, tuangalie bodi imebeba nini na imekaa tupu mara ngapi.

Hatua ya 1: Andika kila bodi ilichobeba

Weka daftari dogo kwenye gari kwa mwezi mzima. Kila mzigo ukipanda, andika ni nini, uzito wa kukadiria, umetoka wapi kwenda wapi, ni wa nani, na kama ungeingia nyuma ya SUV siti zikiwa zimelazwa. Uzito haukupi shida kuukadiria: mfuko wa saruji ni kilo 50, gunia la mahindi ni kilo 100 kama halijafungwa lumbesa, yaani kujazwa kupita kiasi.

Mwisho wa mwezi gawa mizigo yako mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mizigo inayochafua au kunuka: mbolea ya samadi, dagaa, mbuzi, mchanga, madumu ya mafuta ya taa. Fungu la pili ni mizigo mirefu au mikubwa: bati za futi 10, nondo, tenki la maji la lita 1,000, kochi. Fungu la tatu ni ile ambayo ingeingia kwenye gari lolote lenye buti ya maana, kama masanduku ya shule, kreti za soda, mtungi wa gesi, magunia mawili ya mchele.

Fungu la tatu lisikusumbue kabisa. Watu wengi hulihesabu kama sababu ya kubaki na pikapu, kumbe RAV4 ingelibeba bila kelele, tena bila kulowa mvua na bila kijana wa kwenye foleni ya Ubungo kuchomoa mfuko mmoja. Fungu la pili linaweza kukodiwa gari, tutalifikia. Fungu la kwanza ndilo la kuangalia kwa makini, kwa sababu hata kama mzigo wake ni mdogo, hauingii kwenye gari la kapeti. Harufu ya dagaa ikishaingia kwenye kapeti na vitambaa vya siti, kila ukifunga vioo na kuwasha kiyoyozi itakurudia.

Andika pia watu. Nani alikaa nyuma, kwa safari ya muda gani, na je, kuna aliyekosa nafasi ukalazimika kumpandisha kwenye bodi? Kama jibu ni ndiyo, hilo peke yake ni hoja nzito ya kubadili. Bodi ni ya mzigo; haina mkanda wala kiti, na trafiki akikuona na watoto wamekaa juu ya magunia ana kila sababu ya kukusimamisha.

Kwa mkulima mwezi mmoja hautoshi. Mwezi wa mavuno na mwezi wa kiangazi kikavu ni kama magari mawili tofauti. Andika mwezi wa kawaida, halafu kaa chini ukumbuke msimu uliopita ulivyokuwa, uujumlishe.

Hatua ya 2: Uliza bei ya kukodi

Chukua mafungu mawili ya kwanza uende nayo kijiweni, pale yanapoegeshwa magari ya mizigo ya mtaani kwenu. Uliza guta kwa mzigo wa karibu, Kirikuu kwa mzigo wa wastani, Canter kwa kuhama nyumba au kupeleka vifaa saiti. Andika bei mbele ya kila mzigo uliokuwa kwenye daftari, kisha jumlisha.

Kwa mfanyakazi wa ofisini anayeishi Dar es Salaam, Arusha au Dodoma, jumla hiyo mara nyingi hushangaza kwa udogo wake. Mizigo mitatu au minne ya Kirikuu kwa mwezi ni pesa ndogo ukilinganisha na kuendesha gari la zaidi ya mita 5 kila siku kwa ajili ya mzigo wa Jumamosi. Kuna faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye daftari: ukishakuwa na SUV, shemeji naye atajua kijiwe cha Kirikuu kiko wapi.

Lakini bei siyo kila kitu. Jiulize maswali mawili zaidi. Je, unapolihitaji, gari la kukodi linapatikana? Mwenye saiti anayepaswa kufikisha saruji saa 11 alfajiri kabla mafundi hawajaanza, au mwenye shamba Ifakara ambako masika Kirikuu hakikatizi kwenye tope, hawezi kutegemea kijiwe. Na je, pikapu inakuingizia pesa? Kama inabeba bidhaa za duka lako kila siku, au ina namba nyeupe ya biashara na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na inakodiwa, hapo usizungumzie kubadili. Zungumzia kununua gari dogo la pili la familia, na pikapu iendelee na kazi yake.

Kama mizigo mingi ya daftari lako ni ya fungu la kwanza, au ni ya kila siku, au iko mahali pasipo na gari la kukodi, unaweza kuacha kusoma hapa. Baki na pikapu. Weka kanopi nzuri, tengeneza shokomzoba, pesa nyingine iende kwenye tairi.

Hatua ya 3: Jua unahamia SUV ya aina gani

Hapa ndipo watu wengi huumia, kwa sababu neno SUV linafunika magari yenye mifupa tofauti kabisa.

Kuna SUV zilizojengwa juu ya chesisi kama pikapu yako. Prado, Fortuner, Pajero Sport, MU-X na Everest ni za kundi hili. Nyingine ni ndugu wa damu wa pikapu: Fortuner imetoka kwenye Hilux, MU-X kwenye D-Max, Everest kwenye Ranger, Pajero Sport kwenye L200, na Pathfinder ile ya toleo la R51 kwenye Navara ya toleo la D40. Tofauti kubwa iko nyuma. Pikapu ina springi za vyuma bapa vilivyopangwa kwa ajili ya tani moja, ndiyo maana ikiwa tupu inarukaruka na matako yake yanakimbia kwenye kokoto. SUV hizi zina koili springi nyuma, zinatulia.

Ukibaki ndani ya familia moja, fundi wako tayari anaijua injini, na vipuri vingi unavinunua pale pale Gerezani ulipozoea. Mwenye Hilux Revo anayehamia Fortuner ya umri huo huo atakuta injini ya 2.4 au 2.8 ile ile ya dizeli. Hata tairi: Revo nyingi na Prado 150 nyingi huvaa 265/65R17.

Kundi la pili ni SUV zisizo na chesisi ya kujitegemea, yaani mwili wa gari na mifupa yake ni kitu kimoja kama gari dogo la saluni: RAV4, Harrier, X-Trail, Forester, Vanguard. Ni nyepesi, zinakula mafuta kidogo, lami zinaipenda sana. Kwa anayekwenda kazini, shuleni, kanisani au msikitini, na mara mbili kwa mwaka Moshi au Iringa, zinatosha na kubaki. Ila nyingi hazina gia nzito ya kutambaa kwenye tope, ile unayoibadilisha kwenda 4L. Ukimzoesha mtu Hilux kisha umpe Harrier apite nayo makorongo yale yale kwa mwendo ule ule, mwaka haujaisha atakuwa ameshafahamiana na mafundi wa bushi na bolijointi wa mji mzima.

Kwa hiyo andika tena, kwenye daftari lile lile: kwa mwezi, kilometa ngapi zako ni za lami na ngapi za vumbi? Na ni lini mara ya mwisho uliingiza 4L kwa shida ya kweli, siyo kwa kujaribu? Asiyekumbuka hahitaji SUV ya chesisi. Anaitaka, na kuitaka siyo dhambi, mradi ajue analipia kitu gani.

Kuhusu siti saba, usiamini picha. Siti za nyuma kabisa zikiinuliwa, buti karibu yote inaisha, na wanaokaa pale kwa raha ni watoto. Familia ya watu saba inayosafiri na mizigo ya Krismasi itahitaji keria juu.

Hatua ya 4: Hesabu ya mafuta na matunzo

Usitumie ulaji wa mafuta uliosimuliwa na muuzaji. Wa gari lako unaupima hivi: jaza tenki mpaka pampu ikate, andika kilometa, tembea kama kawaida, jaza tena mpaka ikate. Gawanya kilometa ulizotembea kwa lita zilizoingia. Rudia mara mbili au tatu ili foleni ya siku moja isikudanganye. Kwa gari unalolitaka, waulize wamiliki wawili watatu wenye injini ile ile, siyo jina lile lile tu, maana Prado ya petroli ya 2.7 na Prado ya dizeli ya 2.8 ni matumizi mawili tofauti.

Tuchukue mfano. Unatembea kilometa 1,500 kwa mwezi. Pikapu ya dizeli inayokwenda kilometa 10 kwa lita itakunywa lita 150. Prado ya petroli inayokwenda kilometa 7 kwa lita mjini itakunywa lita 214. Tofauti ni lita 64. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni 192,000 kwa mwezi, zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. RAV4 inayokwenda kilometa 11 ingekunywa lita 136 hivi, chini ya pikapu yenyewe. Weka bei ya kweli ya mwezi huu. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi.

Kwenye matunzo, uliza bei ya vitu vinne kabla ya kununua: shokomzoba za mbele na nyuma, pampu ya mafuta na nozeli kama ni dizeli, huduma ya giaboksi, na taa ya mbele. Taa hasa. Taa moja ya SUV ya kisasa inaweza kukufanya uikumbuke pikapu yako kwa machozi. Prado 150 za daraja la juu, kama TZ-G, zina springi za upepo nyuma. Zikichoka bei yake ni kubwa, na wengi huishia kuweka koili za kawaida. X-Trail nyingi zina giaboksi la CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua, ambalo lina mafuta yake maalumu. Fundi akikwambia "mafuta ya gia ni mafuta tu", tafuta fundi mwingine.

Hatua ya 5: Bei, na mtego wa "unaacha lako unaongeza"

Pikapu hushika bei, na kuna sababu. Magari mengi ya mitumba tunayonunua hutoka Japani, lakini Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na kuirudisha 2017. Hivyo Hilux za dizeli za miaka ya katikati haziji kwa wingi kwenye meli za Japani kama zinavyokuja Harrier na RAV4. Unayo bidhaa adimu, usiitoe kwa bei ya bidhaa tele.

Tafuta bei ya soko kwa njia tatu. Angalia matangazo ya magari ya mwaka na injini kama lako, ukikumbuka kwamba bei ya tangazo siyo bei ya mauzo. Ulizia kwa dalali kana kwamba unataka kununua lile la kwako. Kisha peleka gari kwenye yadi mbili usikie wanatoa kiasi gani taslimu. Sokoni watu wanathamini kwa herufi ya namba, "hii namba C, hii namba D", lakini namba inaonyesha gari lilisajiliwa lini hapa nchini. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi, nao ndio wa kuusimamia.

Sasa mtego wenyewe. Yadi inakwambia: "Hilux yako tunaichukua milioni 38, Prado yetu ni milioni 62, ongeza 24 tumalizane." Inasikika vizuri. Kabla hujajibu, tuma mtu mwingine, au piga simu siku nyingine, uulize swali moja: nikija na pesa taslimu bila gari, hiyo Prado mwisho ni ngapi? Tuseme jibu ni milioni 58. Na tuseme Hilux yako sokoni inauzika milioni 44. Tofauti halisi kati ya magari haya mawili ni milioni 14, siyo 24. Milioni 10 zilizobaki ndiyo gharama ya kutokuhangaika kutafuta mnunuzi. Wapo ambao kwa haki kabisa watalipa kiasi fulani kuepuka madalali na watu wa "nakuja kesho". Milioni 2 naelewa. Milioni 10 hapana.

Kwa hiyo jadili bei mbili tofauti, kwanza ya gari lao, ikishafungwa ndipo utaje la kwako. Hakuna mtu wa yadi atakayekusaidia kuzitenganisha.

Ukitaka kuagiza mwenyewe, hesabu ya ushuru inaegemea ukubwa wa injini na umri. Kuna ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa 5% kwa injini ya cc 1,001 hadi 2,000 na 10% kwa iliyozidi hapo, VAT 18%, pamoja na tozo ndogondogo. Ndiyo maana RAV4 ya cc 1,998 na Prado ya cc 2,693 zinaachana mapema. Gari la abiria likifika miaka 8 tangu litengenezwe linaongezewa ushuru wa uchakavu, na likizidi 10 unapanda tena, kwa ukali kuliko kwa pikapu. Viwango hufanyiwa mabadiliko kwenye bajeti, kwa hiyo ingiza gari lako kwenye kikokotoo cha mtandaoni cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla hujatuma hata senti. Na kumbuka wiki utakazokaa bila usafiri: ukiuza pikapu leo, meli haiji kesho.

Hatua ya 6: Azima SUV wikendi moja

Azima kwa rafiki au kodi aina ile ile kwa siku mbili. Wapakie wote nyumbani, weka mizigo ya kawaida, upite njia zako za kawaida pamoja na ile ya kwa mama mkwe yenye korongo. Ingia kwenye maegesho unayoegesha kila siku. Mpe mwenza wako aendeshe. Nimeona mipango ya miezi sita ikibadilika kwenye jaribio la aina hii, mara nyingine kuelekea SUV ndogo na ya bei nafuu zaidi.

Hatua ya 7: Kagua gari lenyewe

Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi, na umwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Iwashe mwenyewe. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi mzito kwenye dizeli unaelekeza kwenye nozeli, tabo au chujio la hewa. Moshi mweupe usioisha injini ikishapata joto ni wa kuogopa. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma: hewa ikipuliza kwa nguvu, injini imechoka.

Giaboksi la otomatiki: ukiwa umekanyaga breki, toa D kwenda R na kurudi. Ikichelewa kushika au ikigonga kwa kishindo, punguza bei au ondoka. Ingiza 4H na 4L, usikubali "inafanya kazi, niamini".

Kilometa za kwenye dashibodi huweza kurudishwa. Angalia kile kisichorudishwa: raba ya pedali, ngozi ya usukani, siti ya dereva upande wa mlango. Lala chini uangalie chesisi, hasa kwa gari lililotoka Uingereza ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Kutu ya chesisi huanzia mahali usipopaona ukiwa umesimama. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na iliyoko kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Na fundi wa kukagua awe wa kwako, siyo aliyeletwa na dalali.

Hatua ya 8: Karatasi

Kwa gari unalopokea, taka kadi halisi, kitambulisho na TIN ya mwenye jina lililo kwenye kadi, na hakikisha hakuna benki inayolidai. Tafuta deni la faini za barabarani na la maegesho kwa namba ya gari. Mkataba wa mauziano uandikwe kwa wakili, ukitaja magari yote mawili, bei ya kila moja na kiasi kilichoongezwa.

Kwa pikapu unayotoa uwe mkali zaidi. Baadhi ya yadi hukutaka usaini mkataba ambao nafasi ya mnunuzi imeachwa wazi, ili wamuuzie mtu mwingine bila wao kulipia uhamisho. Kataa. Mpaka umiliki uhamishwe TRA, gari hilo ni lako: likigonga mtu Singida, wa kwanza kutafutwa ni wewe. Kama pikapu ilikuwa na namba nyeupe au ilikuwa mali ya kampuni yako, ongea na mhasibu wako kwanza kuhusu kodi.

Bima kubwa ya pikapu haihamii yenyewe kwenye SUV. Zungumza na kampuni yako ya bima siku hiyo hiyo, kabla hujatoka getini na gari jipya, na uhakiki stika kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima.

Wiki ya kwanza mwaga oili zote: ya injini, ya giaboksi, ya difu. Badilisha machujio. Kama umechukua Prado au Fortuner yenye injini ya dizeli ya 3.0 aina ya 1KD, fahamu kwamba inatumia mkanda wa taiming, unaopaswa kubadilishwa kila kilometa 150,000. Kwa kuwa kilometa za dashibodi hazina shahidi, badilisha tu, kisha uandike tarehe kwenye stika ubandike chini ya boneti.